Siku Wazee wa Msasani Walipokalia Niru Yangu

Nianze kwa kusema wazi kwamba haya ninayowasimulia ni mambo ya aibu, na kama si Mama Neema, jirani yangu wa upande wa pili wa barabara, kuyatembeza mtaa mzima kwa namna yake (kwake yeye kuna mpaka gari la zimamoto, na siku ile hakukuja gari la zimamoto, nawaapia), mie ningekufa nayo moyoni. Lakini kwa kuwa yameshatoka, afadhali myasikie kwa mwenyewe. Naitwa Mwanahawa, ni fundi cherehani hapa Tandika, mtoto wa kwanza kwa mama yangu, na ugonjwa wangu mkubwa ni kwamba nikiona mtu anafanya kitu taratibu, mikono yangu inawasha.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba, zile za zamani, ukifungua mlango unakutana na ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, na mwisho wake mlango wa uani. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imechoka, kuna mahali saruji imeondoka kabisa limebaki shimo, na sie miaka yote tukawa tunatandika jamvi juu yake, tunaishi. Kumbe jamvi linaficha, halizibi. Mwaka juzi alikuja mtu kumposa mdogo wangu Zuhura, kitindamimba wetu, watu wao wakapokelewa vizuri, sasa katika kuingia, mama mmoja mtu mzima mwenye mwili wake akakanyaga jamvi palepale penye shimo, mguu ukazama mpaka kwenye kifundo. Tulimpa pole, tukampaka dawa ya kuchua, wakanywa chai, wakala visheti, wakasema "tutawasiliana," wakaondoka, na mpaka leo hawajawasiliana.

Hatukuambiwa sababu. Mama akasema ni sakafu. Mie nikambishia, nikasema watu hawaachi kuoa kwa ajili ya shimo, lakini Zuhura tangu siku ile akawa akipita ukumbini anaambaa na ukuta, halikanyagi lile jamvi kabisa, na kila nikimwona anaambaa hivyo roho ilikuwa inaniuma.

Ndipo akaja Idrisa. Huyu ni kijana wa Msasani, wa zile familia za wenyeji wenyewe, ambao nyumba yao ya asili imebaki katikati ya mahoteli na wao hawana habari. Zuhura alikuwa anampenda, na hilo halikuhitaji kuulizwa, maana simu ya Idrisa ikiita mchuzi unaungua. Basi mshenga wao, Mzee Kondo, akatuletea taarifa kwamba wazee watakuja kuposa rasmi, Jumamosi ya wiki inayofuata, baada ya alasiri. Mama alishukuru, akamsindikiza mpaka nje, aliporudi akasimama katikati ya ukumbi akatazama chini. Nikamwambia, "Mama, hii sakafu niachie mie."

Kusema kweli nilimaanisha nitamwita fundi. Nilimpigia Fundi Kibwana, ambaye ndiye fundi wetu wa siku zote, akanijibu, "Niko njiani dada." Nikasubiri mpaka magharibi. Kesho yake nikapiga, akasema, "Dada, hapa nimefika Mtongani, niko njiani." Keshokutwa nayo yupo njiani. Nikapandwa na hasira zangu zile mnazozijua, nikamwambia, "Basi kaa hukohuko njiani, ujenge na nyumba," nikakata simu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu baada ya kukata simu nikageuka nikamkuta Zuhura ananitazama, na mie siwezi kutazamwa na mtu nikakosa la kusema, nikasema, "Nitafanya mwenyewe."

Mjue pia kwamba kwa kipindi kirefu nilikuwa naangalia kwenye simu video za mwanamama mmoja wa ng'ambo, kafunga nywele kitambaa, asubuhi anabomoa jiko zima kwa nyundo, mchana anapiga lipu, jioni anakaanga mayai kwenye jiko jipya huku anacheka. Mie nikawa najiambia, huyu ana nini ambacho sina? Isitoshe mie ni fundi. Kitambaa na kitambaa naviunga vikawa gauni, sembuse bomba na bomba?

(Bomba limetoka wapi wakati tulikuwa tunaongea sakafu? Ndiyo hapo sasa. Mie si mtu wa kuishia kwenye sakafu.)

Niliwaza kwamba kwa kuwa nachimbua sakafu hata hivyo, basi nipitishe na bomba chini yake, toka uani kwenye maji mpaka ukutani kule mbele ya ukumbi, niweke sinki, wageni wakimaliza kula wananawa hapohapo. Mama alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, wageni wananawishwa kwa birika na beseni, mtu kainama mbele yao. Hiyo ndiyo heshima yenyewe."

"Mama, hawa wanatoka Msasani."

"Kwani Msasani hawana mikono?"

Mie nilikuwa nimeshapima ukuta kwa futikamba yangu ya kushonea.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo akili yangu ilipolala. Wiki ile maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, na maji ya kwetu yakikatika hayaagi, wala hayasemi yatarudi lini, mnanunua ya madumu kwa wasukuma mikokoteni, mnapika, mnaoga kwa kikombe. Kwa hiyo mabomba yangu yote niliyaunga makavu. Nilinunua bomba za plastiki, viungio na gundi yake, nikakata kwa msumeno, nikapaka gundi, nikachomeka, nikajiona nimezaliwa na kazi hiyo. Gundi ikaniishia kwenye kiungio cha mwisho, kile cha katikati ya ukumbi. Dukani ni mbali na jua lilikuwa kali, basi nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungusha pale, nikaufunga kwa uzi wa kushonea jinzi. Uzi wa jinzi haukatiki, nyie wenyewe mnajua. Kisha, kwa kuwa maji ya kujaribia hayakuwepo, nikajaribu kwa pumzi. Nikaweka mdomo uani, Zuhura akaweka kiganja kwenye koki ya sinki, nikapuliza mpaka macho yakatoka.

"Unasikia upepo?"

"Nausikia dada."

"Basi maji nayo yatapita."

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikera. Bomba linapoingia ukumbini kuna koki ya kufungia maji ya nyumba nzima, na kichwa chake kilikuwa kimejitokeza juu kikaniharibia usawa wa sakafu. Nilifikiria, nikaona koki ya kufungia maji ina kazi gani kwa watu ambao shida yao ni maji kutokuja? Nikaiacha imefunguka, nikaifukia.

Baada ya hapo ikawa zamu ya niru, ule uji wa saruji unaopakwa juu ya sakafu ikalainika. Nikataka niru nyekundu, maana nyumba ya babu yetu kule Mbagala ilikuwa na sakafu nyekundu, inasuguliwa mpaka unajiona sura, na mama huwa anaisema sana. Muuza duka akanipimia ule unga mwekundu, akaniambia, "Huu unatia kidogo tu sista, saruji ndiyo iwe nyingi." Nikamwona mchoyo wa rangi. Mie nilitaka nyekundu ya kuonekana. Nikatia unga mwingi, saruji nikaionjesha tu, nikapiga niru yangu kwa mwiko kuanzia mlangoni hadi uani, nikiwa nimepiga magoti, huku naimba.

Jamani, ilipendeza. Mama alitoka chumbani akashika kiuno, akasema, "Kama kwa baba," na sauti ikamkatika, akarudi ndani. Hata sasa hivi nikiikumbuka sauti ile najisamehe nusu. Ila niru inataka kunyweshwa maji siku baada ya siku ndiyo ikomae ishike, na maji, kama nilivyowaambia, tulikuwa tunaoga kwa kikombe. Kwa hiyo haikushika. Ilibaki ungaunga. Ukipita unaondoka nayo. Nyumba nzima tukawa na nyayo nyekundu, mashuka mekundu, mama akawa anatawadha mara mbili. Nikasema haina neno, siku ya wageni natandika majamvi na mikeka mipya juu, hakuna atakayeigusa. (Mmeona? Nimerudi kwenye jamvi.)

Jumamosi ikafika. Wazee walikuja wamejaa gari, wote kanzu nyeupe pe, zimepigwa pasi mpaka zinasimama, kofia za mkono, harufu ya marashi imewatangulia. Mbele yuko Mzee Kondo mshenga, nyuma yake Mzee Shomari, baba mkubwa wa Idrisa, ndiye mwenye neno katika ukoo wao. Wanawake walikuja wachache pamoja na Bi Rukia, shangazi yake Idrisa, mwanamke mrefu mwenye jicho la kupima vitu. Wazee wakavua viatu, wakapiga hodi, wakakaribishwa ukumbini juu ya mikeka, wakakunja miguu. Upande wetu alikuwepo baba mdogo Salum, ndiye msemaji. Sie wanawake tulikuwa chumba cha mbele nyuma ya pazia, tunasikia kila kitu, na Zuhura alikuwa chumba cha mwisho kafungiwa, kwa sababu mwali haonekani siku ya kuposwa.

Mzee Shomari aliona sakafu pale pembeni ilipobaki wazi, akasema, "Mashallah, niru hii. Fundi gani huyu?"

Baba mdogo akajibu kwa madaha, "Fundi wetu wa humuhumu nyumbani."

Nyuma ya pazia mie nikavimba. Bi Rukia akanitazama, nikainamisha macho kwa unyenyekevu wa uongo.

Mzee Kondo akakohoa, akaanza. "Sie ni wapita njia. Tumepita mlangoni hapa tukanusa udi, tukasema, watu hawawezi kufukiza udi mzuri hivi bure, nyumba hii lazima ina mwali."

"Udi unafukizwa kila nyumba hapa Tandika, mzee wangu," akajibu baba mdogo, maana ndivyo inavyotakiwa, huachii mara moja. "Sema vizuri umefuata nini."

Na Mzee Kondo alikuwa anavuta pumzi ajibu, ndipo koki ya sinki, pale ukutani juu ya kichwa cha Mzee Shomari, ilipokohoa. Khoo. Kimya. Khoo, khoo, fyuuu.

Hakuna mtu wa Dar asiyeijua sauti ile. Hata angekuwa usingizini angeamka. Na kabla sijafikiri lolote, nje sauti ya Mama Neema ikapasua mtaa, "Majiii! Maji yamerudi jamaniii!" halafu madumu yakaanza kugongana nyumba zote, watu wanakimbia, watoto wanaitwa. Bi Rukia akainua kichwa.

"Maji hayo."

"Ndiyo shangazi."

"Hamkingi?"

"Tutakinga shangazi, leo tuna wageni," nikasema, na hapo ndipo nilipokumbuka uzi wa jinzi.

Nikasogeza pazia kidogo nichungulie. Jamvi la katikati lilikuwa linapumua. Linanyanyuka kidogo, linashuka, linanyanyuka. Kisha nikasikia chini kwa chini, "pu!" na jamvi likatulia, nikajua kiungio kimeachia. Ajabu ni kwamba hakuna mzee aliyesogea. Mzee Kondo aliendelea kusema maneno ya posa, wenzake wametulia wanatazama mbele, na maji yanazidi kupenya chini ya mikeka. Niliwaza labda ni heshima, maana posa ikisemwa hukatizi wala husimami. Sababu yenyewe nilikuja kuijua baadaye, nitawaambia.

Baba mdogo ndiye aliyeona maji yanamfuata. Akainama kidogo upande wa pazia, akaniuliza kwa sauti ya kubana, "Mwanahawa, koki ya kufungia iko wapi?"

"Umeikalia baba mdogo."

"Nimeikalia?"

"Nimeifukia."

Nilitoka nyuma ya pazia mbio. Nilitaka kuinua mkeka nione, nikautia mkono chini, nikautoa mwekundu mpaka kwenye kiwiko, na wazee wakatazama mkono wangu, wakatazama chini, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Jamani. Mbele kanzu nyeupe, nyuma nyekundu. Kila mmoja ana duara lake. Ile niru yote niliyoipiga kwa magoti ilikuwa imehama sakafuni imepanda kwenye makalio ya ukoo mzima wa Idrisa.

Nikapiga kelele, "Mita! Tukafunge kwenye mita!" nikakimbilia nje, wazee nyuma yangu kwa kukimbia maji. Kisanduku cha mita yetu kiko barabarani mbele ya nyumba, na juu ya mfuniko wake, sawasawa, tairi la gari la wageni. Dereva hayupo, kaenda kijiweni kunywa kahawa, na gari kalifunga. Hapo Mama Neema anatoka kwake na ndoo mbili, ananiona mie nimesimama mlangoni mikono inachuruzika nyekundu napiga kelele, na nyuma yangu wazee wanatoka mmoja mmoja wamejaa nyekundu kwa nyuma, wengine wanashikana. Ndoo zikamdondoka.

"Uwiii! Wamechinjana! Posa imegeuka vita, njooni mwone!"

Na watu wakaja. Mtaa mzima ulikuwa nje kwa ajili ya maji, kwa hiyo haikuwachukua muda. Wengine na madumu, wengine na simu wanarekodi, vijana wa bodaboda wakaanza kulisukuma gari nalo haliendi, kuna mama akamkalisha Mzee Shomari kwenye ndoo akimuuliza, "Baba, umechomwa wapi?" na yeye mzee wa watu anajibu kwa upole, "Sijachomwa mwanangu, nimekaa tu." Nilitamani ardhi ipasuke niingie, ila ardhi ya kwetu ilikuwa imeshapasuka na inatoa maji.

Ndipo nikasikia ndani, ngu! ngu! ngu! Nikarudi mbio. Zuhura alikuwa ametoka chumbani. Mwali, siku ya posa yake, kajifunga kanga kifuani, hina mikononi, kashika mchi wa kinu na anaipiga ile sakafu. "Dada, uliifukia hapa au pale?" Nikamwonyesha huku nalia. Akapiga, niru yangu ikapasuka kirahisi kuliko maganda ya yai, akatia mkono kwenye matope mekundu, akapapasa, akaipata koki, akaifunga. Maji yakakata. Alipoinua uso, mlangoni walikuwa wamesimama Mzee Shomari, Mzee Kondo na Bi Rukia wanamtazama, naye ana matope mpaka kwenye nyusi.

"Shikamooni," akasema, hana pengine pa kukimbilia.

"Marahaba," akajibu Mzee Shomari. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Ndiye huyu?"

Baba mdogo akafumba macho. "Ndiye."

Na adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia, na hakuna awezaye kwenda msikitini na kanzu ile, ikabidi mama afungue sanduku awagawie kanga. Wazee wa Msasani wakasali uani kwetu wamejifunga kanga za mama, na Mzee Shomari ilimwangukia ile ya mipasho, aliyonunua mama alipogombana na wifi yake, ambayo maneno yake siwezi kuyatamka mbele yenu, na yalikuwa yamekaa sawasawa pale palipokuwa na duara. Mie nilikuwa pembeni na beseni nafua kanzu. Nilisugua nikijua kabisa nasugua bure, kwa sababu kitu kimoja ninachokijua kweli duniani ni kitambaa, na pamba nyeupe ikishanywa rangi ile haiitoi. Niliwaomba radhi, nikaahidi nitawashonea zingine zote. Wakasema haina neno. Wakapanda gari na kanga zao. Mzee Kondo akashusha kioo akasema, "Tutawasiliana."

Neno lilelile.

Nikamtazama Zuhura. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, hina imefichwa na matope. Akaniambia, "Usilie dada, ulitaka kunipendezeshea," akaingia ndani akiambaa na ukuta. Bora angenitukana. Nilikaa juu ya kifusi changu nikalia kama mtoto.

Siku zilizofuata sikushona. Simu ya Idrisa ilikuwa inaita, Zuhura anaongea naye kwa sauti ya chini, nikimuuliza anasema, "Wazee bado hawajasema kitu." Na katika majonzi hayohayo, asubuhi moja nikasikia hodi, nafungua mlango, namwona Fundi Kibwana na mfuko wake wa vifaa, anatabasamu.

"Dada, nimefika."

Nikamwambia, "Karibu, kazi imeongezeka," kwa sababu hata hasira zilikuwa zimeisha. Akang'oa kila kitu, akatengeneza upya, kwa mwendo wake wa kuja leo kesho yupo njiani, na mie sikumsemesha.

Hakuwa amemaliza alipokuja Bi Rukia. Peke yake, na mfuko mkubwa mkononi. Nikamwamkia, nikamkalisha kwenye kiti (kiti, sikuthubutu mkeka), nikijua kaja kurudisha kanga za mama na maneno ya kuagana. Akatoa kanga kweli, zimefuliwa na kukunjwa vizuri. Akakohoa.

"Unajua kwa nini wazee hawakusimama mapema, maji yalipoanza?"

"Kwa heshima ya posa, shangazi."

"Heshima gani! Kila mmoja alisikia unyevu chini yake akadhani ni yeye. Umri ule. Mzee Shomari anasema alikuwa anamwomba Mungu posa isiishe, ili asisimame." Na hapo Bi Rukia, mwenye jicho lile la kupima vitu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mie nikacheka huku machozi yananitoka, mama naye akatoka chumbani kuuliza kuna nini akaambiwa, akakaa chini.

Alipotulia akaingiza mkono mfukoni akatoa jora la kitambaa. Kitambaa kizuri, kizito, cha kanzu. Nikakifungua. Rangi yake ilikuwa ni ileile ya niru yangu, nyekundu ya udongo, hata haingeweza kukaribiana zaidi.

"Uliahidi kanzu," akasema. "Mzee amesema za wote ziwe rangi hii, ndizo watakazovaa siku ya ndoa, ili hata ukitufungulia bomba tena, sie tumeshajiandaa. Na amesema mwali akiletwa kwetu Msasani, aambiwe mchi auache nyumbani."

Niliita, "Zuhura! Zuhura njoo!" naye akaja, akaona kitambaa mikononi mwangu, akaelewa kabla hajaambiwa. Alikuja akanikumbatia. Alipita katikati ya ukumbi, juu ya saruji mbichi ya Fundi Kibwana, nyayo zake zipo mpaka leo na nilimkataza fundi asizizibe.

Kanzu nilizishona zote, na nawaambieni sijawahi kushona kwa raha kama ile. Toka hapo nimeapa, hata koki ikidondosha tone moja napiga simu, naambiwa "niko njiani dada," nakinga kibakuli nasubiri. Zile video za yule mwanamama nimezifuta. Siku ya ndoa wazee walishuka kwenye gari wote wekundu, mtaa ukapiga vigelegele, Mama Neema akaangusha tena ndoo. Mzee Shomari aliingia ukumbini, akainama kabla hajakaa, akapapasa sakafu kwa kiganja, akakitazama, akakuta kisafi. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Binti, koki iko wapi leo?"

Nikamwonyesha. Ipo pale pale inapoingilia bomba, kichwa chake kimesimama juu ya sakafu, kibaya, kila anayeingia anajikwaa nacho na mama anakichukia. Fundi Kibwana alitaka kukishusha kidogo kikae sawa, nikamwambia akikigusa namfukuza.